Gari Halipati Moto kwa Kusimama

Ira wangu, mtoto wa mgongo wangu,

Hali yako siiulizi. Asubuhi nimekuona ukimeza chapati bila kutafuna, na sasa hivi uko kanisani wanakuaga kwa nyimbo. Mimi, waliokuja kukuchukua na gari lao, nimewaambia goti linauma. Goti haliumi. Nimebaki hapa jikoni niandike kabla hujarudi, kwa sababu nikiyasema haya ukiwa mbele yangu, wewe utacheka, mimi nitalia, na maharage yataungua.

Unajua mimi darasa sikulikanyaga. Herufi nilizipata kwenye kitabu cha nyimbo kule kambini kwa wakimbizi, ndiyo maana naandika kama mtu anayeimba, narudia narudia kiitikio. Vumilia.

Kwanza tusidanganyane. Mkoba wangu uko ndani ya gari lako. Uko kwenye buti, chini ya blanketi la kijani, nyuma ya gunia la unga. Una nguo za kubadilisha, dawa zangu za presha na viatu vya kanisani. Niliuingiza jana ulipokuwa unaoga. Wiki nzima nimekuomba twende wote, hata hadi Columbus tu, kwa shangazi yako Spesioza, halafu wewe uendelee na Buffalo yako na mimi nirudi Louisville kwa basi. Na wiki nzima umenijibu kwa adabu, "Bibi, nataka kufika mwenyewe." Nikasema sawa. Nikanuna. Kisha nikaficha mkoba. Mpango wangu ulikuwa kesho unikute kwenye kiti cha mbele nimeshafunga mkanda, tuone utanitoaje.

Mkoba tutaurudia.

Mambo ya kula, kulala, kusali na wanaume siyaandiki. Nimeyasema tangu hujang'oa meno ya utoto. Kama hayajaingia kwa mdomo, karatasi haitayaingiza. Nataka nikuandikie habari za gari. Usicheke, nakuona unavyocheka. Sijui kuendesha, lakini hakuna kitu kilichonifundisha nchi hii kama tanki la gari lile la kijivu.

Unakumbuka winta yetu ya kwanza nalo. Tulikuwa tumelinunua kwa yule baba Mkongo aliyehamia Texas, na wewe leseni ilikuwa bado inanukia. Kipindi cha joto tanki moja lilitutosha kila mahali: kazini kwangu, shuleni kwako, kanisani, sokoni, mpaka tunasahau tulijaza lini. Baridi ilipoingia hapa mtaani kwetu Highview, mshale wa mafuta ukaanza kuanguka kama mtu aliyepigwa na malaria. Kazi ile ile, shule ile ile, njia ile ile. Tanki kavu.

Sasa mimi nilitoka kambini, Ira. Kambini kitu kikipungua kuna mtu kakichukua. Hakuna maelezo mengine. Unga ukipungua mna mwizi, mafuta ya taa yakipungua mna mwizi, na kuni zikipungua unapita tu ukitazama moshi wa nani leo umekuwa mnene. Miaka yote ile nilipimia watu hivyo, na sikukosea mara nyingi. Ndipo nikaja na kipimo hicho hicho huku, nikakuwekea wewe.

"Ira, usiku gari hili linakwenda wapi?"

"Haliendi popote, Bibi."

"Linakwenda. Mshale hausemi uongo. Linakwenda kwa yule mpiga kinanda."

"Mpiga kinanda gani?"

"Yule mwenye nywele zilizosimama kama kaona chui."

Ukanijibu kwa Kiingereza. Kiingereza cha hasira mimi sikijui, lakini mabega nayajua, na mabega yako yalisema nimekutukana.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikatega mtego. Kambini tulikuwa tunanyunyiza majivu mlangoni pa kibanda, asubuhi unasoma nyayo za mwizi kama gazeti. Hapa jiko la umeme, majivu nitayatoa wapi? Nikachukua sembe. Jua lilipozama nikashuka paking na bakuli, nikanyunyiza unga mbele na nyuma ya kila tairi, nikarudi zangu juu nimeridhika kama polisi.

Asubuhi nikafungua mlango. Theluji! Ilishuka kimya kimya usiku kucha, ikafunika gari, ikafunika paking, ikafunika sembe yangu. Na mimi, kwa ujinga wangu wote, nikachukua mwiko nikashuka na kandambili na soksi, nikaanza kufukua chini ya tairi. Ukanikuta nimechuchumaa.

"Bibi, unafanya nini?"

"Natafuta."

"Unatafuta nini?"

"Unga."

"Unga wa nini?"

"Wa ugali."

Ukatazama paking yote, nyeupe kuanzia mlango wetu mpaka barabarani. "Basi umeupata mwingi," ukasema.

Tukacheka mpaka mama wa nyumba ya chini akafungua dirisha. Kisha nikaona kicheko kinakutoka usoni. Ulikuwa umeelewa ule unga ulitafuta nyayo za nani. "Mimi ndiye ulinitegea?" ukaniuliza. "Kama panya?" Ukapangusa kioo, ukaenda shule, na siku zile zote nyumba ilikuwa baridi kuliko nje.

Nilichokipenda kwako ni kwamba hukunisamehe kwa maneno. Ulinisamehe kwa kunionyesha. Jumapili ile ulishuka mapema, ukawasha gari, ukanipigia simu. "Bibi, gari limewashwa. Njoo." Nami nikafanya kama kila Jumapili ya winta. Kilemba hakikukaa vizuri, nikakifungua nikakifunga upya. Biblia ilikuwa chini ya kochi. Miwani ilikuwa kichwani nikaitafuta chumbani. Spesioza akapiga kutoka Columbus, tukasalimiana mpaka kuku wake. Niliposhuka, gari lilikuwa zuri, la moto kama mkate. Nikakaa, nikasema asante Yesu kwa hita.

Ukaniuliza, umekaa umeshika usukani, "Bibi, gari limefika wapi?"

"Swali gani hilo? Halijafika popote."

"Limekunywa?"

Nikatazama mshale. Nikatazama moshi mweupe uliokuwa unatoka nyuma, na theluji iliyoyeyuka pale chini ya bomba.

"Limekunywa," nikasema.

"Nani alilinywesha?"

Mana yanje, Mungu wangu! Mwizi nilikuwa mimi na kilemba changu. Asubuhi zote zile nilizokuambia, "Mimi sipandi friji, washa lipate joto kwanza," nilikuwa nakunywa tanki kwa mrija, kisha nashuka ngazi kukushtaki wewe.

Palepale ukaniambia mengine, na sikuyasahau kwa sababu uliyasema bila kunisuta. Kwamba oili ikipigwa na baridi inakuwa nzito kama asali, injini inahangaika kuisukuma. Kwamba upepo wa tairi unanywea, tairi linalegea barabarani, gari linavutwa nyuma. Kwamba hata petroli yenyewe, hiyo nyinyi mnayoiita gesi, wakati wa winta wanaitengeneza kivingine ili iwake upesi, na nguvu yake inapungua kidogo. Kwamba safari fupi ndizo zinazokula zaidi, maana gari linakaribia kupata moto, umefika, unalizima, linapoa, unaanza upya. Na kwamba njia ya kulipasha si kulisimamisha linanguruma. Liwashe, vioo vikishakuwa safi uondoke, uende taratibu, linapata moto likitembea.

Hilo nililielewa kuliko wewe, kwa sababu mimi nimepika. Sufuria baridi na kuni zenye umande zinamaliza mzigo wa kuni kabla maji hayajachemka. Hakuna aliyeiba kuni. Ni asubuhi tu.

Ndipo ukasema, "Na mimi nina langu." Ukashuka, ukafungua pale wanapotilia mafuta, ukanionyesha kifuniko. Cha njano. Ukaniambia si kila gari lina kifuniko hicho, ila letu linaruhusiwa kunywa kwenye ile pampu yenye mpini wa njano, na wewe tangu baridi ianze ulikuwa unajaza pale kwa sababu bei iliyoandikwa kwenye kibao cha kituo ilikuwa chini.

"Ni petroli gani hiyo?"

"Petroli imo kidogo. Nyingine ni ethanoli. Inatoka kwenye mahindi."

"Mahindi haya ya kula?"

"Wanayachachusha, Bibi. Ni... ni kama pombe."

Mtoto mwingine angedanganya. Wewe ulijua unaongea na nani: mwenyekiti wa akina mama, mtu aliyefukuza mtungi wa bia harusini kwa ufagio. Nikafungua mkanda nikashuka. Nikakuambia sitaingia nyumba ya Bwana nikiwa nimebebwa na mlevi. Nikatembea. Ulinifuata na gari polepole, umeteremsha kioo, theluji inanifika kifundoni.

"Bibi, panda."

"Sipandi pombe."

"Bibi, hata ile ya kawaida ina ethanoli ndani. Kidogo. Karibu kila kituo. Imeandikwa kwenye pampu."

Nikasimama. "Kila gari?"

"Karibu kila gari."

"Hata la mchungaji?"

"Hata la mchungaji."

Nikafikiria paking ya kanisa letu, magari yote yale yamejipanga kwa heshima, na kila moja limeonja. Miguu nayo ilikuwa haina habari tena. Nikapanda. Na wewe kwa wema wako hukucheka mpaka tulipofika kwenye taa.

Lakini lililobaki moyoni halikuwa pombe, na hilo sikukuambia vizuri siku ile. Yalikuwa mahindi. Mimi nimepanga mstari kwa ajili ya mahindi, Ira, na wewe uko mgongoni. Mama yako alikuwa ameshatuacha, na chakula chako kilikuwa uji wa mahindi yale ya mgao, ambayo nilikuwa nayaokota moja moja yakidondoka mchangani, nayapuliza vumbi. Punje moja ilikuwa na jina. Kusikia kwamba huku yanalimwa mashamba yasiyo na mwisho yanyweshwe magari, nilihisi kama mtu amekanyaga kaburi. Tulipotoka ibada nilikaa garini nikakuambia tu, "Tulikuwa tunayaokota." Wewe ukazima injini. Hukuniambia dunia ndivyo ilivyo, wala hukunipa habari za wakulima. Ulizima injini tukakaa mpaka vioo vikaingia ukungu. Siku hiyo ndiyo niliyojua nimelea mtu.

Baadaye tukajaribu, unakumbuka, tanki la njano na tanki la kawaida, njia zile zile. La njano likaisha mapema. Uliniambia ethanoli haina joto sawa na petroli, galoni kwa galoni. Nikakuambia nyie mnakwenda shule kujifunza hilo? Kuna kuni za mti mwepesi na kuni za mti mgumu. Za mti mwepesi zinawaka vizuri, moto safi, hazina ubaya wowote, ila zinakwenda mbio, lazima ukae karibu uongeze. Anayekuuzia mzigo wa kuni nyepesi kwa bei ndogo si mwizi. Mpumbavu ni yule anayeutazama mzigo asiutazame moto. Tangu hapo umekuwa ukipiga hesabu ya njia, si ya kibao. Siku bei ikiwa chini sana unajaza njano, siku nyingine hujazi, na mimi napanda yote bila kumwuliza mchungaji.

Basi kwa nini nakuandikia haya usiku wa kuamkia safari yako, na wewe unayajua kuliko mimi?

Kwa sababu unakwenda Buffalo mwezi huu wa kwanza, winta imeshika. Spesioza ananiambia kule ziwa linatupa theluji. Mimi ziwa nililolijua lilitupa dagaa. Utalala East Side kwa mama Goreti, mtu mwema, ila anakoroma, na kila siku utaendesha hadi chuoni Amherst na kurudi gizani. Na ninajua kitakachotokea, kwa sababu kilinitokea mimi hapa Louisville, wakati wewe ulikuwa mdogo mno kukiona.

Mwaka wetu wa kwanza nilikuwa nafua mashuka ya hoteli. Kambini nilibeba maji na wewe na kuni kwa pamoja nikiimba. Hapa nilisimama mbele ya mashine, mahali penye taa na joto, na nguvu zilikuwa zinaniisha kabla ya mchana. Nikasema nimelogwa. Nikamshuku mwanamke niliyefanya naye kazi, Mburundi mwenzangu, kwamba jicho lake si zuri. Tulikaa tumenuniana miezi, sisi wawili tu tulioweza kuongea lugha moja katika chumba kizima! Hakuna aliyenichukulia kitu. Nilikuwa najifunza basi, pesa, saa, lugha, majina ya watu, kumwelewa bosi kwa nyusi zake. Nilikuwa naendesha kwenye baridi. Kila kitu kilikula mara mbili. Laiti mtu angeniambia hivyo, ningekuwa na rafiki tangu mwanzo. Yule mwanamke ndiye mama Goreti huyo huyo utakayelala kwake. Alihamia Buffalo kabla hatujapatana, na tulipatana kwa simu, nikimsimulia habari ya unga na theluji. Alicheka mpaka akakata simu bila kutaka. Akapiga tena. Ndiyo maana una kitanda huko.

Kwa hiyo utakapoamka na kuona nguvu zimeisha na wiki bado changa, usianze kutafuta mwizi. Usiseme wewe ni mjinga, wenzako wa Amherst wamekupita. Usimnyunyizie mtu unga. Huenda ni winta tu. Tanki ni lile lile, linakula zaidi kwa njia ile ile. Jaza mara nyingi. Likifika nusu, jaza. Mimi pia nijaze, piga simu, hata kama huna la kusema. Nitakusimulia ya mama wa chini.

Sasa mkoba.

Wakati maharage yanaiva niliiacha barua hii kidogo, nikashuka paking na ufunguo wako wa akiba. Nilikwenda kuuficha vizuri zaidi, nisikudanganye. Nikafungua buti. Ira, nilichokiona! Gunia la unga, gunia la maharage, sufuria kubwa ya harusi, mtungi wa mafuta ya mawese, na kinu. Kinu, mtoto wangu! Nani atatwanga Amherst? Nyuma ya gari ilikuwa imekaa chini kama kuku anayeatamia. Na umeshanieleza mara ngapi kwamba uzito unanywa mafuta? Nilisimama pale kwenye baridi nikaona wazi kwamba kila kitu kile nilikitia kwa ajili yangu. Nilikuwa napakia nyumba nzima ili usiondoke kweli.

Kinu nimekitoa. Sufuria nimeitoa. Unga nimekupunguzia, Buffalo nao wanakula. Mawese nimeyaacha, hayo huyapati mazuri. Blanketi la kijani limebaki, na koleo la theluji.

Mkoba uko hapa chini ya meza, karibu na mguu wangu. Viatu vya kanisani nimeshavirudisha mahali pake.

Nenda ufike mwenyewe.

Na kesho sitaki kuaga dirishani, injini ikinguruma, mimi nakuombea baraka moja baada ya nyingine wewe unatazama mshale kwa adabu. Tutasali hapa juu, mlango umefungwa, gari limezimwa. Tutalia hapa hapa kama kuna wa kulia. Spesioza simpigii mpaka utakapokuwa barabarani. Ukishashuka, washa, pangusa vioo, uondoke. Usinisubiri na usigeuke. Nenda taratibu mpaka lipate moto.

Nitakuwa juu kwenye ngazi, na kilemba nimeshakifunga.

Bibi yako, aliyekubeba